Mbung'o wanatuuma Sokoke na Boni kila siku, mbona hakuna anayeugua malale? Au hatupimwi?

#1 Jilore_Boy
Salaam wadau. Nina swali linanikera. Mimi ni wa Jilore, ukingoni mwa msitu wa Sokoke, napiga boda na tuna ng'ombe wachache nyumbani. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma, nchi ya kumi kufika hapo. Nilifurahi kama Mkenya. Lakini mbung'o wenyewe wapo jamani, ukipita njia ya msituni na pikipiki wanakufukuzia, wanatoboa mpaka shati, akitua unamjua tu, mbawa zimepandana kama mkasi. Ng'ombe wanakonda, manyoya yanasimama, mimba zinatoka, wanakufa. Sasa huyo huyo mbung'o anayemmaliza ng'ombe, mtu hamfanyi kitu kwa nini?

Dai langu ni hili, mnaweza kunipinga: hatuna malale kwa sababu hatupimwi. Mtu anaenda zahanati na homa, anatobolewa kidole, malaria hakuna, anapewa Panadol na antibaiotiki anarudi nyumbani. Nani kaiangalia damu yake kwa darubini?

#2 OrmaWaGalana
Kaka umegusa penyewe. Sisi tunachunga upande wa Galana na mbung'o tunawajua kuliko daktari yeyote. Kwa maoni yangu ni mazoea, mwili uliokulia kwenye mbung'o umeshazoea. Hata ng'ombe ni hivyo hivyo, ng'ombe wetu wa Orma wanavumilia ugonjwa ambao ng'ombe wa kuletwa kutoka bara anakufa nao msimu mmoja. Watafiti walikuja Galana Ranch miaka ya themanini wakalipima jambo hilo na wakaona ni kweli. Kama ng'ombe anaweza kurithi uvumilivu, mtu ashindwe?

#3 Mwalimu_Baiolojia
Jilore_Boy asante kwa uzi. OrmaWaGalana, hapo kwa ng'ombe uko sawa kabisa, kwa mtu nakupinga. Vimelea vya mbung'o ni vya aina nyingi. Vinavyoua ng'ombe wetu ni Trypanosoma congolense na vivax, na hivi mtu yeyote duniani, awe wa Jilore au wa London, damu yake inaviua. Kwenye damu ya binadamu kuna protini inaitwa APOL1 inakitoboa kimelea kinapasuka. Hata ndugu yao Trypanosoma brucei wa kawaida anakufa nayo. Ni ndugu wawili tu wa brucei waliojua kukwepa: gambiense wa Afrika Magharibi na Kati, na rhodesiense wa huku Mashariki na Kusini. Huyu rhodesiense ana jini yake inaitwa SRA, inaikamata ile protini inaizima. Kwa hiyo mbung'o wa Sokoke anakuuma sawa, anakudunga vimelea sawa, lakini ni vya ng'ombe. Vinakufa ndani yako na wewe hujui.

#4 Jilore_Boy
Mwalimu nimekuelewa, lakini hujajibu nusu ya pili. Unajuaje hakuna rhodesiense hata mmoja Sokoke kama watu hawapimwi?

#5 LabMalindi
Niko maabara, ngoja nichangie maana dai la Jilore_Boy lina uzito kuliko anavyodhani mwenyewe.

Zamani kila mwenye homa alitolewa damu ikawekwa kwenye slaidi, tone nene, ikapakwa rangi, ikaangaliwa. Hapo ulikuwa unatafuta malaria lakini macho yanaona kila kitu kilichomo. Rhodesiense anakuwa mwingi kwenye damu, si kama gambiense anayejificha, kwa hiyo mtu wa maabara aliyetulia anamwona hata kama hakumtafuta. Siku hizi vituo vingi ni kile kipimo cha haraka cha malaria. Ni kizuri, kimeokoa watu wengi, lakini kinajibu swali moja tu, malaria ipo au haipo. Kikisema haipo hakuna anayefungua darubini.

Na kumwona si kazi ngumu. Chukua tone la damu mbichi, funika na kigae, usipake rangi yoyote. Mwanzo huoni kimelea, unaona chembe nyekundu zimetulia halafu sehemu moja zinaanza kusukumana, zinapigwapigwa na kitu. Unakaza hapo ndipo unamwona, mwembamba, anajinyonganyonga, ana mkia unaochapa. Malaria haifanyi hivyo, malaria imekaa ndani ya chembe kimya. Hii niliona chuoni kwenye damu ya panya na sijaisahau. Lakini ukichelewesha hilo tone vimelea vinalegea na vinakufa, hapo ndipo watu hukosa.

#6 Pwani_Damu
Mwalimu mbona umesahau ya damu? Nilisoma kuna Waafrika wana APOL1 ya aina nyingine inayoua hadi huyo rhodesiense. Si ndiyo maana Wapwani hatuugui? Damu yetu imeshachanganyika karne na karne.

#7 Mwalimu_Baiolojia
Pwani_Damu, hiyo ipo kweli, wanaziita G1 na G2, na G2 ndiyo inayomkinga mtu na rhodesiense. Lakini zimejaa zaidi Afrika Magharibi, Mashariki ni chache. Tena zina gharama, mwenye kurithi nakala mbili yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Siwezi kujenga kinga ya Pwani nzima juu ya hiyo.

#8 Mwana_wa_Hindi
Huku Lamu tuna hoja nyingine. Waboni wameishi ndani ya msitu wa Boni vizazi na vizazi, wanarina asali, walikuwa wakiwinda, mbung'o wanawauma usiku na mchana. Kama malale ingekuwepo wao wangekwisha kwanza. Mimi naona ni mambo ya wanyama. Huko bara huyo rhodesiense anaishi kwa pongo na kwa ng'ombe wenyewe bila kuwaumiza sana, halafu anahamia kwa watu. Huku huenda hakuwahi kufika tu. Malale ya Kenya ilikuwa Nyanza na Magharibi, Lambwe Valley na Busia.

#9 Mstaafu_Sista
Mwana_wa_Hindi umesema mbung'o wanauma usiku na mchana. Mwanangu, mbung'o anauma mchana. Usiku ni mbu. Mengine yako sawa.

Mimi ni nesi mstaafu, kwetu Malindi, lakini nimefanya kazi Busia, pale Alupe, enzi malale iko hai. Vijana mnaandika mambo ya jini na protini, nawaombea Mungu msione nilichokiona. Mgonjwa wa rhodesiense hachukui miaka kama wale wa Kongo, ni wiki na miezi. Anaanza na homa na kichwa, pengine alipoumwa pamevimba panauma. Asipotibiwa inaingia kwenye ubongo. Mchana anasinzia chakula kikiwa mkononi, usiku macho makavu, anatembeatembea, anatukana mama yake mzazi. Wengi waliletwa wakiwa wameshapitia kwa waganga kwanza kwa sababu familia iliona ni mashetani.

Basi lazima atolewe maji ya mgongo tujue imefika wapi, tunahesabu chembe nyeupe na kutafuta vimelea. Ikishafika kwenye ubongo dawa ilikuwa moja, melarsoprol. Ina aseniki ndani yake, ile sumu. Imechanganywa kwenye kimiminika kinacholainisha plastiki kwa hiyo tulitumia sirinji za kioo. Ikiingia kwenye mshipa mgonjwa anaungua, mwanaume mzima unamsikia analia. Na katika kila wagonjwa mia, kama watano dawa yenyewe inawaua. Unamdunga huku unajua. Na usipomdunga atakufa kwa uhakika.

#10 MamaAisha_Gede
Sista pole sana na asante kwa kazi. Nimesoma mara mbili.

Mnisamehe yangu si malale lakini inafanana. Kaka yangu alikuwa Garissa na mfanyabiashara wa ng'ombe, akarudi na homa isiyokwisha. Anapimwa malaria, anapewa dawa za malaria hata kipimo kikisema hana, homa inashuka siku mbili inarudi. Akakonda mpaka suruali anafunga na kamba lakini tumbo linakua upande wa kushoto, ukishika ni gumu. Mtaani wakaanza minong'ono kuwa ni ule ugonjwa, wengine wakasema amerogwa na mshirika wake. Mwishowe daktari mmoja kijana, Mungu ampe maisha marefu, alimuuliza ulikuwa unafanya kazi wapi. Hilo tu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Aliposikia Garissa akaagiza kipimo cha kala-azar, ule ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu, tone la damu ya kidole, ikaonekana. Alidungwa sindano mbili kila siku kwa siku 17, makalio yakawa hayakaliki, lakini leo anabeba mifuko ya saruji.

Kwa hiyo Jilore_Boy nakuunga mkono. Homa si malaria peke yake.

#11 LabMalindi
MamaAisha, hicho kipimo ni rK39. Kwa Afrika Mashariki hakikamati wote kama kinavyokamata India, kwa hiyo mtu mwenye wengu kubwa na historia ya kukaa huko akitoka hana, bado inabidi atolewe majimaji ya wengu au ya uboho yaangaliwe kwa darubini. Na hizo sindano mbili wanatafuta kuziacha. Kulikuwa na majaribio Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan ya kuunganisha sindano moja ya paromomycin na vidonge vya miltefosine kwa siku 14, walipona kama 91 kwa mia, sawa na ile ya siku 17.

#12 Nahodha_Faza
Yakhe na matende mbona hamyataji? Huku visiwani ndiyo yametumaliza. Nakumbuka utotoni wanakuja watu wa damu usiku wa manane, taa ya karabai, mnaamshwa mnapangwa barazani mnatobolewa vidole huku mnasinzia. Tulikuwa tukiuliza kwani mchana hawana nafasi?

#13 LabMalindi
Nahodha, vijidudu vya matende vinatoka kwenye damu ya pembeni usiku, kuanzia kama saa nne mpaka saa nane, wakati mbu wao anauma. Mchana vinajificha kwenye mapafu. Ukipima saa sita mchana unamwambia mgonjwa yuko salama. Siku hizi kuna kipimo cha kipande kinachosoma alama ya mdudu mkubwa, hicho hata mchana unatumia.

#14 Nahodha_Faza
Alaa! Basi wale jamaa tuliwalaani bure. Na mwaka 2018 Lamu tulipewa dawa tatu kwa pamoja, zilinipiga kizunguzungu lakini nilimeza zote.

#15 Bodaboda_Ganda
Turudi kwenye malale. Mimi nasikia sasa hivi dawa ni kidonge kimoja unameza mara moja imekwisha. Kwa hiyo hata ikija si tishio. Na Jilore_Boy, mgonjwa wa mwisho Kenya alikuwa 2012, si zamani hivyo.

#16 Kijana_wa_Utafiti
Bodaboda_Ganda umechanganya mambo mawili. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugundulika hapa hapa Kenya ni 2009. Wale wawili wa 2012 walikuwa watalii, waliambukizwa Maasai Mara wakagundulika walikorudi.

Dawa nazo ni mbili tofauti. Ya kwanza ni fexinidazole, vidonge, siku 10, na lazima ule chakula ndipo umeze la sivyo mwili hauichukui vizuri. Ilikuwa imetengenezwa zamani ikaachwa kwenye makabati, DNDi, shirika linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, wakaifufua mwaka 2005 walipokuwa wanapekua dawa zilizosahaulika. Majaribio makubwa yalifanyika Kongo na Afrika ya Kati chini ya Dkt Victor Kande, wagonjwa 394 wa gambiense, ikaponya 91 kwa mia, wakati ule mchanganyiko wa dripu na vidonge wanaouita NECT uliponya kama 98. Iko chini kidogo, lakini NECT inahitaji hospitali, manesi, dripu kwa siku kadhaa, na huko wagonjwa wako vijijini kwenye mito. Ilikubaliwa 2018 kwa gambiense.

Kwa rhodesiense, yaani wa kwetu, walijaribu Malawi na Uganda, Desemba 2023 wakala wa dawa wa Ulaya akatoa maoni mazuri na Juni 2024 WHO ikaiweka kwenye mwongozo wake, hata kwa walioingia hatua ya ubongo. Yaani ile sindano ya Sista imepata mbadala baada ya zaidi ya miaka 70.

Ya mara moja ni acoziborole, vidonge vitatu kwa mkupuo. Matokeo ya 2022 ni mazuri sana lakini ni ya gambiense.

#17 Mstaafu_Sista
Kijana umenitoa machozi. Vidonge na chakula. Wagonjwa wangu wangekunywa uji na dawa wakaenda nyumbani.

#18 Jilore_Boy
Kijana_wa_Utafiti sasa hapo ndipo ninapopaona mimi. Dawa ipo. Kipimo je? Mbona malale haina kipimo cha kidole kama malaria na kala-azar?

#19 Kijana_wa_Utafiti
Ipo, lakini ya gambiense. Kadi inayoitwa CATT ilitengenezwa miaka ya sabini, na sasa kuna vipimo vidogo vya haraka. Vyote vinatafuta kingamwili dhidi ya gambiense, kwa rhodesiense havifai. Kwetu bado ni darubini. Kenya walichofanya ni kuandaa hospitali 12 kwenye kaunti 6 zilizowahi kuwa na malale ziwe macho, na wenzao wa mifugo, KENTTEC, baraza la serikali la kutokomeza mbung'o, wanafuatilia mbung'o, ambao wako kaunti 38 kati ya 47.

#20 Jilore_Boy
Umeona! Mbung'o kaunti 38, hospitali zilizo macho kaunti 6.

#21 Mwalimu_Baiolojia
Jilore_Boy usiruke. Huwezi kuweka hospitali ya malale kila palipo mbung'o, ni kama nilivyosema #3, mbung'o bila rhodesiense hana malale. Pesa ni chache, unaziweka palipowahi kuwaka. Halafu malale ya rhodesiense haiwezi kujificha miaka, inaua ndani ya miezi. Kijiji kikizika watu watatu wanne kwa ugonjwa wa kusinzia kingepiga kelele.

#22 MamaAisha_Gede
Mwalimu kwa heshima zote, kijiji kinazika watu kila mwezi kwa "homa" na "mashetani" na hakuna kelele. Kaka yangu alibaki kidogo tu awe mmoja wao.

#23 OrmaWaGalana
Nina wasiwasi mwingine. Mwana_wa_Hindi kasema huyo rhodesiense anakaa kwa ng'ombe. Ng'ombe wanatembea. Wanapakiwa lori, wanauzwa, wanapelekwa popote. Si inaweza kuletwa huku na mfanyabiashara mmoja tu?

#24 Kijana_wa_Utafiti
Mzee umeuliza swali kubwa kuliko yote humu. Ndivyo ilivyotokea Uganda. Soroti haikuwa na malale, mwaka 1998 ikaanza, wakafuatilia wakakuta wagonjwa wanazunguka soko la ng'ombe, ng'ombe waliletwa kutoka wilaya zenye ugonjwa. Baadaye Uganda wakaanza kuwatibu ng'ombe wenyewe na kuwapulizia dawa ya wadudu ili kuwakinga watu.

#25 Mwana_wa_Hindi
Kwa hiyo maelezo yangu ya "hakuwahi kufika" yanasimama, ila hayana dhamana ya kesho.

#26 Mwalimu_Baiolojia
Hata akifika lazima ampate mbung'o anayefaa. Huku tuna wa aina tofauti, kuna huyu mdogo austeni wa vichaka vya pwani, kuna pallidipes. Pallidipes ndiye aliyesambaza Lambwe, kwa hiyo huyo naye simwamini.

#27 Zenji_Halisi
Wa Malindi na Lamu mnahangaika na mbung'o mpaka leo? Sisi Unguja tulimaliza hadithi 1997, tulipulizia dawa msitu wa Jozani basi. Karibuni mle nyama nzuri.

#28 Kijana_wa_Utafiti
Zenji karibu, lakini dawa peke yake haikuwamaliza. Walipunguzwa kwanza kwa dawa na vitambaa vyenye sumu, kisha wakaachiwa madume yaliyofugwa Tanga na kupigwa mionzi yasiweze kuzaa. Mamilioni, yakimwagwa na ndege. Jike la mbung'o likipandwa na dume kama hilo halizai, na kwa kawaida anazaa mtoto mmoja mmoja tu, kwa hiyo wakaisha. Wenu walikuwa austeni peke yake, na bahari imewazunguka. Sisi ukimaliza Sokoke wanaweza kurudi kutoka kwingine.

#29 Zenji_Halisi
Sawa mkuu, lakini nyama nzuri ni kweli.

#30 Mfugaji_Kakoneni
Mnaongea sana. Mimi nina Berenil ya ng'ombe. Mtoto wa ndugu yangu ana homa wiki nzima na anachunga karibu na msitu, kuna anayesema inafanya kazi hata kwa mtu. Nimpe kiasi gani?

#31 Mstaafu_Sista
USIMPE. Nakuomba kama mama yako. Hiyo ni dawa ya ng'ombe, kipimo cha mtu huna, na hujui anaumwa nini. Ana miaka mingapi? Anakula? Shingo inakaza?

#32 LabMalindi
Mfugaji_Kakoneni, Sista kasema kweli. Homa ya wiki nzima kwa mtoto ina sababu nyingi kabla hujafika malale, kuna taifodi, kuna malaria yenyewe, kuna maambukizi ya mkojo. Mpeleke hospitali yenye maabara leo, si kesho. Ukifika useme wazi: anachunga msituni, anaumwa na mbung'o, naomba damu iangaliwe kwa darubini, slaidi nene, hata kama kipimo cha haraka kinasema hana malaria. Usiogope kuonekana mjuaji. Na waambie kama alishameza dawa yoyote.

#33 Mfugaji_Kakoneni
Ana miaka 11. Anakula kidogo, shingo iko sawa. Natafuta boda.

#34 Jilore_Boy
Kakoneni uko upande gani? Niko Jilore, nakuja. Nitumie namba pembeni.

#35 Pwani_Damu
Wakati wanakwenda, nani anajua kutengeneza mitego ya mbung'o? Niliona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa msituni nikadhani ni vya waganga.

#36 OrmaWaGalana
Hivyo ndivyo. Buluu inamvuta, kwenye cheusi ndipo anatua. Wataalamu huweka na mkojo wa ng'ombe uliolala, harufu inamleta. Sisi tunachoma mavi makavu zizini moshi uwakimbize. Na ukiingia msituni usivae buluu.

#37 Bodaboda_Ganda
Pikipiki yangu ni ya buluu.

#38 Mwalimu_Baiolojia
Wanafuata kinachotembea pia, kwa hiyo hata nyekundu watakukimbilia. Jilore_Boy, mkifika tupe habari za mtoto. Na ukipata nafasi waulize pale maabara wanatengeneza slaidi ngapi kwa siku, maana hilo ndilo tulilobishana tangu asubuhi na hakuna aliyelileta jibu.